Siku ndefu kuliko zote: Kwa nini sherehe na jua havikutani

MWAKA 2025 wananchi wa Sweden walikesha usiku wa Ijumaa, Juni 20, wakicheza kuzunguka nguzo ndefu zilizopambwa kwa majani mabichi na maua. Ilipotimu saa 10:42 alfajiri ya Jumamosi, kwa saa za nchi hiyo, jua lilifika kilele cha safari yake ya kaskazini. Sherehe na jua vilikuwa vimekutana usiku mmoja, na hakuna aliyepanga iwe hivyo.

Kwa kawaida vitu hivyo viwili hupishana. Mwaka 2024 jua lilifika kileleni usiku wa Alhamisi, Juni 20, ilhali mkesha wa sherehe ulikuwa Ijumaa ya tarehe 21. Mwaka 2021 mkesha uliangukia Juni 25, siku nne baada ya jua kuanza kurejea kusini. Kwa mwaka 2026 mkesha ni Juni 19, siku mbili kabla ya jua kufika. Nchini Latvia, ng'ambo ya Bahari ya Baltiki, watu husherehekea Juni 23 na 24 bila kujali siku ya juma. Urusi, mapokeo ya Kanisa huiweka sikukuu hiyohiyo Julai 7.

Ni sikukuu moja yenye tarehe nyingi. Ukiifuatilia asili ya kila tarehe, unakutana na makosa ya hesabu ya Warumi, uamuzi wa Papa, mabishano ya wafalme, mikataba ya wafanyakazi na, katika miaka hii, vita. Jua lenyewe halijabadili mwenendo wake. Kilichobishaniwa kwa miaka elfu mbili ni nani mwenye mamlaka ya kutangaza kwamba siku imefika.

Jua linaposimama

Dunia inalizunguka jua huku mhimili wake ukiwa umeinama kwa takriban nyuzi 23.4. Kwa sababu hiyo jua la mchana huonekana likihama polepole, miezi sita kuelekea kaskazini na miezi sita kuelekea kusini. Mwezi Juni hufika juu ya Tropiki ya Kansa, huonekana kama limesita kwa siku chache, kisha hugeuka. Wataalamu wa falaki huiita hali hiyo solistasi, neno la Kilatini lenye maana ya kusimama kwa jua. Kusimama huko ni kwa macho tu. Kwa hesabu, solistasi ni nukta moja ya wakati inayotokea kwa pamoja duniani kote. Ile ya mwaka 2025 iliwakuta wakazi wa Afrika Mashariki saa 11:42 alfajiri.

Kwa mkazi wa Dar es Salaam au Nairobi, habari hiyo haina uzito mkubwa. Aliye karibu na Ikweta hupata mchana na usiku vinavyokaribiana mwaka mzima. Dar es Salaam, iliyo kusini kidogo ya Ikweta, mwezi Juni ndio huwa na mchana mfupi kuliko miezi mingine, lakini upungufu wenyewe ni kama robo saa tu chini ya saa 12. Huku Juni ni mwezi wa kipupwe na upepo wa kusi, na hakuna anayeukesha kwa ajili ya jua.

Stockholm ni habari nyingine kabisa. Katika siku hizo jua huchomoza saa 9:30 usiku na kuzama baada ya saa 4:00 usiku. Mchana unazidi saa 18 na nusu, na hata saa zinazobaki haziwi giza totoro. Kiruna, kaskazini ya nchi hiyohiyo, jua halizami kabisa tangu mwishoni mwa Mei hadi katikati ya Julai. Mwezi Desemba hali hugeuka: Stockholm hupata mchana wa saa sita tu, na Kiruna hukaa wiki kadhaa bila kuliona jua. Aliyepitia majira hayo ya giza haoni ajabu watu wazima kuvaa mashada ya maua vichwani, kula heringi na viazi vichanga, na kucheza hadi asubuhi.

Mkesha huo una mambo yake. Nguzo huinuliwa kwa nguvu za watu wengi, vyakula huandaliwa nje, stroberi hufuata mwishoni. Kwa mapokeo ya zamani, msichana huchuma maua ya aina saba bila kusema neno, huyaweka chini ya mto, na anayemwota ndiye atakayekuwa mumewe.

Siku nane kabla ya mwezi mpya

Tarehe ya Juni 24, ambayo ndiyo mama wa tarehe nyingine zote, ilitoka Roma. Julius Caesar alipoirekebisha kalenda ya Warumi, ikaanza kutumika mwaka 45 kabla ya Kristo, solistasi ya Juni ilikuwa ikiangukia karibu na Juni 24 au 25. Plini Mkubwa, mwandishi wa Kirumi wa karne ya kwanza, aliitaja kuwa Juni 24. Wakati huo, basi, tarehe na jua vilikuwa pamoja.

Kanisa nalo lilikuwa na hesabu yake. Injili ya Luka inaeleza kwamba Mariamu alipopashwa habari na malaika, Elisabeti alikuwa na mimba ya miezi sita. Kwa hiyo Yohana Mbatizaji alimtangulia Yesu kwa nusu mwaka. Sherehe ya kuzaliwa Kristo ilipowekwa Desemba 25, kuzaliwa kwa Yohana hakukuwa na mahali pengine pa kwenda isipokuwa mwishoni mwa Juni.

Lakini kwa nini 24, na si 25? Jibu limo katika namna Warumi walivyohesabu siku. Hawakuhesabu kutoka mwanzo wa mwezi kwenda mbele, bali walihesabu kurudi nyuma kutoka tarehe mosi ya mwezi unaofuata, na tarehe mosi yenyewe ikiwemo. Desemba 25 kwao ilikuwa siku ya nane kabla ya Januari. Siku ya nane kabla ya Julai ni Juni 24, kwa kuwa Juni ina siku 30 na Desemba ina 31. Kwa Mrumi, sikukuu hizo mbili zilikuwa na jina lilelile, moja ya kiangazi na nyingine ya baridi. Kasoro ya siku moja huonekana tu kwa sisi tunaohesabu kwenda mbele.

Mtakatifu Augustino, askofu wa Hippo katika nchi ambayo leo ni Algeria, aliona ishara katika mpangilio huo: baada ya kuzaliwa Yohana mchana huanza kupungua, baada ya kuzaliwa Kristo huanza kuongezeka. Hata hivyo, hakuridhika na yote aliyoyaona. Katika mahubiri yake aliwakemea Wakristo waliokwenda baharini siku ya Yohana na kuoga humo kwa desturi ya kipagani. Kwa hiyo mojawapo ya taarifa za kale za sherehe za katikati ya kiangazi haitoki misitu ya kaskazini mwa Ulaya, bali pwani ya Afrika. Sikukuu ya Kanisa haikuifuta ile ya zamani. Iliipa jina jipya, na watu wakaendelea kuoga na kuwasha mioto.

Siku tatu zilizosahauliwa

Kalenda ya Caesar ilikuwa na dosari ndogo. Iliuchukulia mwaka kuwa na siku 365 na saa 6, ilhali mwaka wa jua una siku 365, saa 5 na dakika 48 na ushei. Tofauti ni dakika 11 hivi. Binadamu hawezi kuzihisi katika maisha yake, lakini zikilimbikizwa hufikia siku nzima kila miaka 128.

Kutoka enzi za Caesar hadi Mtaguso wa Nikea mwaka 325, dakika hizo zilikuwa zimekwisha kuzaa takriban siku tatu, na solistasi ikawa imesogea hadi karibu na Juni 21. Kufikia karne ya 16 ilikuwa imerudi nyuma hadi Juni 12 au 11. Waingereza wa wakati huo waliitambua sikukuu ya Mtakatifu Barnaba, Juni 11, kuwa ndiyo siku ndefu kuliko zote. Juni 24 ilikuwa bado sherehe kubwa, lakini mioto iliwashwa wakati mchana umekwisha kupungua kwa karibu wiki mbili.

Papa Gregori wa 13 alipochukua hatua mwaka 1582, lengo lake halikuwa mioto ya Juni. Kilichomsumbua ni Pasaka, ambayo hesabu yake hutegemea Machi 21 kama siku ambayo mchana na usiku hulingana. Akafuta siku 10: baada ya Alhamisi, Oktoba 4, ikaja Ijumaa, Oktoba 15. Jua likarudishwa mahali lilipokuwa wakati wa Mtaguso wa Nikea.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo hili, ingawa maelezo mengi hupapita haraka. Papa alilirudisha jua kwenye mwaka 325. Hakulirudisha kwenye enzi za Caesar. Zile siku tatu zilizopotea kati ya Caesar na Nikea hazikurejeshwa kamwe, kwa kuwa hazikuhusiana na Pasaka. Tangu hapo solistasi imebaki Juni 20, 21 au 22, na Yohana Mbatizaji akabaki Juni 24. Pengo hilo si kosa la wakulima waliosahau kulitazama jua, wala si hila ya Kanisa ya kuwatenga Wakristo na wapagani, kama inavyodaiwa mara kwa mara. Ni siku tatu ambazo hakuna aliyekuwa na sababu ya kuzidai.

Februari 30

Nchi za Kiprotestanti hazikuwa tayari kupokea kalenda kutoka Roma. Sweden, ambayo wakati huo iliitawala Finland, ilijaribu njia yake yenyewe. Iliamuliwa kwamba kuanzia mwaka 1700 siku za nyongeza za miaka mirefu zirukwe moja baada ya nyingine hadi mwaka 1740, ili nchi iingie katika kalenda mpya polepole bila mshtuko. Siku ya mwaka 1700 ikarukwa. Kisha vita vikapamba moto, na siku za mwaka 1704 na 1708 zikaachwa mahali pake. Sweden ikajikuta haifuati kalenda ya Caesar wala ya Papa, bali yake peke yake, isiyolingana na ya jirani yeyote.

Mfalme Karl wa 12 aliamua kurudi kwenye kalenda ya zamani. Ili kuirejesha siku iliyorukwa, mwezi Februari wa mwaka 1712 ulipewa siku 30. Waliozaliwa siku hiyo hawakuiona tena tarehe yao maishani. Hatimaye mwaka 1753 Sweden ilikubali: baada ya Februari 17 ikafuata Machi 1. Katika Juni ya mwaka huo sherehe zilikaribiana na jua kuliko zilivyowahi kwa karne nyingi, zikibakiza zile siku tatu tu.

Waliobaki nyuma kwa hiari

Si wote waliokubali kusogezwa. Uingereza ilipobadili kalenda mwaka 1752 na kufuta siku 11, Kisiwa cha Man hakikuuhamisha mkutano wake wa kale wa kutangaza sheria, Tynwald, uliokuwa ukifanyika siku ya Yohana. Ulibaki palepale kwa hesabu ya zamani, na ndiyo maana hadi leo siku yake ni Julai 5.

Katika nchi za Waslavi wa mashariki jambo hili lina uzito zaidi. Usiku wa Ivan Kupala, ambapo vijana huruka juu ya moto na wasichana huelekeza mashada ya maua mtoni, ulifuata kalenda ya Kanisa la Othodoksi, ambayo katika karne hii iko nyuma kwa siku 13. Hivyo Juni 24 yao ilikuwa Julai 7 kwa wengine. Ukraine na Urusi ziliadhimisha siku hiyo pamoja kwa vizazi vingi. Baada ya Urusi kuivamia Ukraine kwa majeshi mengi mwaka 2022, kalenda nayo iliingia katika mgogoro. Kanisa la Othodoksi la Ukraine lilihamia kalenda mpya Septemba 1, 2023, na kuanzia mwaka 2024 siku ya Yohana kwa waumini wake ni Juni 24. Bunge la nchi hiyo nalo lilikwisha kuihamisha sikukuu ya kitaifa ya Krismasi kutoka Januari 7 hadi Desemba 25. Moscow imebaki na tarehe zake. Kwa bahati, uamuzi huo umeisogeza Kupala ya Ukraine karibu zaidi na jua, lakini hakuna aliyeufanya kwa ajili ya jua.

Afrika Kaskazini pia imehifadhi hesabu ya Caesar. Ibada za Waislamu hufuata mwezi mwandamo, lakini mwezi mwandamo haumwambii mkulima lini apande au avune. Kwa hiyo wakulima wa Morocco walibaki na kalenda ya jua waliyoirithi tangu enzi za Warumi. Siku iitwayo Ansara ni Juni 24 ya kalenda hiyo, yaani Julai 7 kwa hesabu ya kawaida. Edvard Westermarck, mtaalamu kutoka Finland aliyefanya utafiti Morocco mwanzoni mwa karne ya 20, alikuta huko mioto, moshi wa kufukiza mashamba na watu kujimwagia maji. Yale yaliyomkera Augustino yalikuwa yakiendelea baada ya miaka 1,500, miongoni mwa watu wa dini nyingine.

Waswahili wanao mfano wao. Nairuzi, siku ya mwaka inayosherehekewa Makunduchi, kusini mwa Unguja, kwa kuoga baharini, kupigana kwa migomba na kuchoma kibanda, haikutokana na solistasi wala na Yohana, ilitoka Uajemi. Hata hivyo inaonyesha vizuri kile kinachotokea kalenda ya jua ikiachwa bila kusahihishwa. Mwaka wa Nairuzi una miongo 36 ya siku kumi kumi na siku tano za ziada, jumla siku 365, bila mwaka mrefu. Kwa hesabu hiyo husogea nyuma siku moja kila miaka minne, sawa na siku 24 au 25 kwa karne. Siku inayoangukia sasa mwezi Julai iliangukia Agosti miaka mia moja iliyopita, na katika karne ijayo itaikuta solistasi ya Juni.

Ijumaa ya wafanyakazi

Katika Sweden ya karne ya 20, aliyeihamisha siku hakuwa mfalme wala askofu. Juni 24 iliweza kuangukia Jumanne au Jumatano na kulikata juma la kazi katikati. Viwanda havikupendezwa na hali hiyo, na wafanyakazi nao walitaka mapumziko marefu. Kuanzia mwaka 1953 sikukuu ikawekwa Jumamosi iliyo kati ya Juni 20 na 26, na mkesha wake ukawa Ijumaa. Finland ilifuata mwaka 1955. Kisheria, sikukuu ya Sweden ni ile ya Jumamosi, lakini sherehe yenyewe ni ya Ijumaa, na mchana huo ofisi na maduka mengi huwa yamefungwa.

Denmark ilikwisha kuifuta siku ya Yohana katika orodha ya sikukuu za mapumziko tangu mwaka 1770. Wadenmark wakaendelea kuwasha mioto yao Juni 23 jioni, na kesho yake kwenda kazini kama kawaida.

Nchi za Baltiki hazikugusa tarehe, na si vigumu kuona sababu. Estonia huadhimisha Juni 23 kama Siku ya Ushindi, kwa kumbukumbu ya vita vya mwaka 1919 vya kupigania uhuru wake, na kesho yake ni siku ya Yohana. Zikitenganishwa, zote mbili zingepungukiwa. Latvia nako, sherehe ya Jāņi, yenye mashada ya majani ya mwaloni, jibini na bia, ilitiliwa shaka na utawala wa Kisovieti kuwa ni chemchemi ya utaifa, na katika miaka ya 1960 iliondolewa katika orodha ya sikukuu. Watu waliiendeleza majumbani. Tarehe iliyotunzwa kwa namna hiyo haihamishwi kirahisi kwa sababu ya mapumziko ya mwisho wa juma.

Wapo pia wanaolifuata jua lenyewe. Huko Stonehenge, kusini mwa Uingereza, penye mawe yaliyosimamishwa miaka ipatayo 4,500 iliyopita, maelfu ya watu hukusanyika kungoja jua lichomoze karibu na jiwe liitwalo Heel Stone. Wamo Wadruidi wa kisasa, watalii na vijana waliokuja kwa ngoma. Mwaka 1985 polisi waliuzuia kwa nguvu msafara wa waliokuwa wakielekea huko, na kwa miaka mingi iliyofuata eneo lilifungwa kila ilipofika solistasi. Kesi ya watu waliokamatwa kando ya barabara jirani na mawe hayo ilifika hadi kwa majaji wa Baraza la Malodi, ambao mwaka 1999 waliamua kwamba mkusanyiko wa amani barabarani si lazima uwe kosa. Mwaka 2000 mamlaka inayotunza mawe hayo ilifungua tena milango, bila malipo, kwa usiku huo mmoja. Tarehe yake hutangazwa kila mwaka kwa kufuata hesabu za wanafalaki, hata ikiwa ni katikati ya juma.